Printa Nne za Mama Scholastika

Mama Scholastika, katibu muhtasi wa sekondari moja ya Kilimatinde, hapikiki chungu kimoja na vumbi. Kila Ijumaa jioni huchomoa nyaya zote za kompyuta, hupangusa printa mpaka ing'ae, hufunika kila kitu kwa vitambaa alivyodarizi mwenyewe. Jumatatu huchomeka upya. Usafi huo umempa jina, na jina analipenda kupita kiasi.

Muhula huu printa ilimtoa jasho. Karibu kila Jumatatu inagoma. Kioo kinasema printa haijaunganishwa, na waya upo, taa inawaka. Anaweka upya draiva, ile programu ya kuiendesha, inachapa. Wiki ijayo yale yale. Mama Scholastika hakuumiza kichwa: flashi ya Mwalimu Martina wa taaluma inaleta virusi! Mkuu wa shule, Mwalimu Manase, akaamini. Martina akapigwa marufuku kugusa kompyuta ya ofisi, ikabidi mitihani akaichapishe Manyoni, kwa bodaboda, wiki saba sasa. Printa ikaendelea kugoma. Virusi vimebaki ndani, alisema mama.

Jumatatu hii akafungua orodha ya printa, akakuta nne, zote jina moja, namba tu tofauti. Akahamishia waya tundu jingine. Ya kwanza ikafifia, ya pili ikawaka. Kumbe kila tundu kompyuta inaliona printa mpya, huku kazi ikizidi kuzituma kwa ile ya zamani! Na matundu alikuwa akiyabadilisha nani, kama si yeye na usafi wake?

Aibu ilimshika mpaka masikio yakawaka moto. Akafuta printa zote, akabakiza moja, tundu moja, akalizungushia rangi ya kucha. Ikachapa. Angeweza kunyamaza, na nani angejua?

Saa nane, mkuu akiwa hapo ofisini, Martina aliingia, nyusi nyekundu kwa vumbi.

"Shikamoo mama. Shikamoo mkuu. Mfuko umechanika mlimani, karatasi kumi na mbili zimekwenda na upepo. Na mtihani ni kesho."

Mama Scholastika alisahau hata kuitikia.

"Mkuu," alisema, "printa nilikuwa naivuruga mimi, kwa kuchomoachomoa waya. Mwalimu Martina hana kosa. Nilimsingizia."

Mwalimu Manase alikohoa, akatazama dirishani. Martina alisimama, flashi mkononi, macho yamejaa machozi.

Mama Scholastika akanyanyuka, akampisha kiti chake mbele ya kompyuta.