Kushikilia Waya ya Phonie

Bandugu, sogeeni, na weye wa kule nyuma acha kucheka, sijafika pa kuchekesha. Ilikuwa vita.

Bibi yangu, ule nilioa, alikuwa Beni, kule Mulekera, alienda kumuangalia dada yake mwenye kuzaa. Masasi ikaanza, barabara ikafungwa, hata panzi hapana kupita. Kama bibi iko muzima ao hapana, nani ataniambia? Simu hakukuwa. Kulikuwa tu phonie, ile redio ya kusemea mbali, kwa fundi moja wa hapa Mususa. Mulolongo ya batu ilianza ku mulango yake, ikaishia kule mbali, mugini ya Kipese.

Mais phonie ikakataa. Unaita Beni, Beni, inanyamaza. Fundi akaenda kutafuta mazout ya kuwasha umeme, na siye batu ya mulolongo tukafanya akili yetu: Beni iko mbali, waya ya antenne ni fupi, donc turefushe. Tukaikata vipande, kila mutu akaongeza yake. Huyu waya ya télé, huyu waya ya frein ya kinga, ile baiskeli yake, mama mukwe wangu akaleta ile ya kuanikia manguo. Tukaifunga mafundo, tukaipandisha ku mukaratusi, ule ndege banapumuzika katikati mbele ya kufika juu.

Fundi akarudia, akaweka kale kamashine ka kupimia. Sindano ikapanda. Akashika kichwa.

"Muliniua. Hii sindano inaonesha sauti yenye kurudia. Kila fundo, sauti inagonga pale, inageuka, inarudia mu mashine. Beni hapana kusikia kitu, na mashine itaungua."

Nikashika fundo ya mama mukwe ju ya kuifungua. Sindano ikashuka. Nikaachia, ikapanda.

"Shika," fundi akasema. "Usitoke hapo, hata nzi akuingie mu pua."

Voilà mimi inje, chini ya mukaratusi, na micro ya kusemea iko mu nyumba. Mama mukwe ndiye akaita. Kila akisema, umeme inanipanda mukononi, meno inagongana, siwezi hata kukohoa. Akinyamaza ju ya kusikiliza, kinywa yangu inafunguka, mais saa ile micro imefungwa. Kwa dirisha nilisikia yeye tu. Bibi yangu, kwangu, alikuwa ssss.

"Mutoto yangu! Uko muzima?" mama mukwe akasema. Kisha: "Asante Mungu."

Furaha ikanishika, nikaachia waya, nikakimbia. Nilipoingia, phonie kimya.

"Rudia ku waya, mupumbavu weye," fundi akasema.

Nikarudia. Mama mukwe anasema tena: "Bwana yako? Ah, iko. Iko hapo inje, iko occupé kidogo."

Bandugu, munajua kwetu. Kifo hapana kuisema ku phonie. Tunasema iko occupé, iko na kazi kidogo, atakuya. Kila mutu wa Beni anajua ile kazi ni ya namna gani.

"Hapana, mama, ni kweli iko occupé," anaendelea, na mimi nagongana meno. "Siwezi kumuita. Akitoka pale, tutakupoteza na weye. Usilie, mama."

Akaachia micro, akaweka sikio ku phonie. Nikapiga kelele: niko muzima, niko hapa. Mukaratusi peke yake ndio ulisikia.

Mama mukwe akatoa kichwa ku dirisha, machozi mu macho:

"Mukwe, anauliza tulikuzika wapi."