Siku Walipozipigia Makofi Taa za Swichi

Naanza kwa kukiri kwamba aibu hii niliificha miaka mingi, hata mume wangu aliisikia kwa mama yangu wala si kwangu, na mpaka leo nikiikumbuka masikio yananichemka.

Ilikuwa miaka ile ya soko huria, kompyuta zinamiminika nchini, kampuni binafsi zinafunguliwa Morogoro mjini kila kukicha, na mimi Tabitha, binti wa kijiji cha Kisanga, nikaajiriwa na mojawapo, kampuni changa kabisa (ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja nyuma ya saluni). Kazi ya kwanza kupewa peke yangu ikawa kufunga mtandao kwenye sekondari moja ya wasichana ya misheni, hukohuko kwetu milimani. Nikashuka Mikumi na maboksi yangu, nikadandia lori lililokuwa linakwenda kuchukua mahindi, swichi mbili nimezipakata mapajani kama mapacha. Swichi, kwa asiyejua, ni kisanduku chembamba cha chuma chenye matundu mengi usoni, waya wa kila kompyuta unachomekwa humo, nacho ndicho kinachopeleka ujumbe wa huyu kwa yule.

Siku tatu nilihangaika. Nikasimamisha raki, yaani fremu ya chuma ya kushikia hivyo visanduku, nikazikaza swichi kwa skrubu, moja juu ya nyingine, nikaziunga kwa nyuma kwa waya mfupi mnene ili zifanye kazi kama moja. Nikajaribu, mambo safi.

Siku ya uzinduzi walijaa: Kasisi aliyealikwa kama mgeni rasmi, wazazi, kwaya, na mama yangu na akina mama wenzake wa kanisani, wamevaa vitenge vya sare, na yeye kila anayemwamkia shikamoo anamjibu, "Marahaba, umeiona ile nguzo ya chuma? Kaisimamisha huyu wangu." Mpango ulikuwa hivi: mwanafunzi mmoja, Neema, aandike barua ya shukrani pale maabara ya kompyuta, abonyeze, itoke kwenye printa iliyoko ofisini kwa mkuu wa shule, ng'ambo ya uwanja, iletwe mbio mpaka mkononi mwa Kasisi.

Sasa basi, wageni wako mlangoni, mimi naipa raki yangu jicho la mwisho, naona waya mmoja wa bluu ncha yake inaning'inia. Unaharibu sura! Ningeufuata kidogo tu ningejua umetokea wapi, lakini kwaya imeshaanza kuingia inaimba, nikauchomeka kwenye tundu la kwanza nililoliona wazi. (Na niseme ukweli wote: swichi zile zilikuwa na kinga ya kuzuia upuuzi wa namna hiyo, ila asubuhi nilikuwa nimeizima, ili kompyuta ziunganike haraka mbele ya watu.)

Jamani. Taa za swichi kwa kawaida zinakonyeza mojamoja, hii sasa, ile baadaye. Safari hii zote, za juu na za chini, zikaanza kupepesa kwa pamoja, kwa kasi ambayo jicho linashindwa kuifuata, na kwa kuwa mapazia yalikuwa yamefungwa kuzuia vumbi, chumba kizima kikageuka kijani, kijani kwenye kuta, kijani kwenye nyuso za watu. Kwaya ikanyamaza katikati ya ubeti. Kasisi akavua miwani, akasema taratibu, "Utukufu kwa Mungu." Makofi yakalipuka.

Na mimi, fundi mzima, nimesimama mdomo wazi. Nilikuwa nimelisoma jambo lile kitabuni tu: ujumbe mmoja unaingia kwenye mzunguko, unajizaa, unazaa tena, mpaka mtandao wote unajaa na hakuna kinachopita. Nilijua kabisa ninachokitazama ni balaa, lakini macho hayakutaka kuondoka. Nilikuwa sijawahi kuona kitu kizuri namna ile. Kisha (Mungu anisamehe) nikainama kupokea makofi.

Neema akabonyeza. Tukangoja. Kupitia mlango uliokuwa wazi tukamwona mwalimu aliyesimama nje ya ofisi ya mkuu wa shule akitupungia mkono kwamba hakuna kitu. Neema akabonyeza tena, na tena, na tena, na tena.

"Inapasha moto kidogo," nikasema.

"Kama jenereta?" akauliza Kasisi.

"Kama jenereta, Baba."

Nikazima, nikawasha, taa zikarudi vilevile na makofi nayo yakarudi, ingawa safari hii machache. Kwaya ikaombwa irudie wimbo. Mkuu wa shule akanisogelea huku anatabasamu kwa ajili ya wageni, akanong'ona, "Tabitha, mbona unaniaibisha?" Akili yangu yote ikahama, nikabaki kupapasa skrubu.

Ndipo mama akainuka. Mama hajui kompyuta, ila ni mfumaji wa vitambaa, na uzi uliojisokota haumpi raha. Akaja mpaka kwenye raki, akaweka kidole kwenye ule waya wa bluu, akaufuata polepole. Akaniambia kwa Kisagara, lugha yetu ya nyumbani, kwa sauti ya chini. Nikajifanya sikusikia. Akarudia kwa Kiswahili, chumba kizima kikasikia.

"Mwanangu, hizi nyingine zote zimeingia ukutani. Huu umetoka hapa juu, ukaingia hapa chini. Unakwenda kwa nani?"

Nikaufuata kwa macho, kutoka juu mpaka chini.

"Hauendi kwa mtu, mama."

"Basi si uutoe?"

Nikauchomoa. Zile taa zikatulia, zikarudi kukonyeza mojamoja, na mzee mmoja nyuma akalalamika, "Mbona wamezima zile nzuri?" Punde mwalimu akaja mbio uwanjani na barua tano, zote zilezile, maana Neema alikuwa amebonyeza mara tano.

Kasisi akazipokea, akanitazama. "Kwa hiyo zile tulizozipigia makofi?"

"Zilikuwa kosa, Baba. Kosa langu."

Alicheka mpaka akatafuta kiti. "Na mimi nimeshamtukuza Mungu!"

Tangu siku ile sichomeki waya wowote kabla sijaufuata kwa kidole ncha mpaka ncha, hata nikisubiriwa na waziri, na ile kinga siigusi. Lakini nawaambia ninyi tu: kila nikimaliza kufunga raki mpya na kubaki peke yangu chumbani, nikiwa na waya mmoja wa ziada mkononi, huwa nauweka haraka mfukoni na kutoka nje, maana najijua.