Pikipiki Iliyonukia Vitumbua

Juzi kijana mmoja alisukuma skuta yake mpaka mlangoni mwa gereji yangu, jasho likimtiririka, akaniambia, "Mzee, imekataa kabisa." Sikugusa spana. Niliinama nikafungua kifuniko cha tangi, nikanusa, nikamwambia, "Umeweka petroli tupu, hukuchanganya oili. Bahati yako imekufia karibu." Alinitazama kama anayemtazama mganga. Akaniuliza nilisomea chuo gani.

Nilicheka mpaka wafanyakazi wangu wakageuka. Nikwambie, rafiki yangu, na wala sijisifu bure: kutoka Mariakani mpaka Likoni hakuna fundi wa injini ndogo wa kunishinda. Nina gereji mbili, nina malori, na watoto wangu wamesomeshwa na mikono hii yenye grisi. Darasa nililofika ni la tatu, na hilo sikulimaliza. Chuo changu kilikuwa uani kwa bibi yangu, Changamwe, Vita vya Pili vya Dunia, tulivyoviita vita vya Bama, vilipokwisha, na mtihani wangu niliufanya asubuhi moja ya Jumapili mbele ya watu wote.

Bibi yangu, ambaye sisi Warabai humwita hawe, alikuwa akipika mafuta ya nazi ya kuuza. Kama hukukulia kwenye ua kama ule sijui nikueleze vipi. Nilikuwa nikiamka kwa sauti ya mbuzi ya kukunia nazi, kwaru kwaru kwaru, kabla ya jogoo. Tui likichemka kwenye sufuria kubwa, mafuta yalikuwa yakipanda juu polepole, manjano, na harufu yake iliingia mpaka kwenye mito ya kulalia. Kazi yangu ilikuwa kuchota maji, kupasua makumbi na kuchochea moto. Mafuta yaliyobaki hawe aliyatumia kukaangia vitumbua, na kitumbua cha mwisho, kile kilichopinda, kilikuwa changu.

Lakini nilikuwa na shida, na ilikuwa na tarehe. Nilipoacha shule, Mwalimu wa misheni alimwambia hawe kwamba kichwa changu ni kigumu kama kifuu. Hawe hakulia wala hakunipiga. Aliniambia, "Mwanangu, mwezi huu ukiisha bila ya wewe kupata kazi ya kushika, mjomba wako atakuja kukuchukua, ukaangue nazi Rabai." Yaani nipande minazi. Sasa nikupe siri ambayo Mrabai hapaswi kuitoa: mimi mnazi naupenda nikiwa chini yake. Niliwahi kupanda mmoja nikafika katikati, nikaukumbatia pale pale mpaka nikaletewa ngazi. Watoto wenzangu waliniita Kinyonga mwaka mzima. Mwezi huo nilikuwa nikihesabu siku kama mfungwa, ila yeye huhesabu za kutoka.

Jirani yetu alikuwa mtu wa bara aliyejifunza ufundi jeshini huko Bama. Alikuwa na kibanda cha kutengenezea baiskeli na injini ndogo, na kila siku nilikuwa nikisimama pale kumtazama hadi anifukuze. Siku moja nilimwomba anichukue nijifunze. Alicheka. Akaninyooshea kidole kule kwa Mwalimu, ambako kulikuwa na pikipiki ndogo ya pedali, imelala chini ya makuti, kuku wakitagia juu yake. Mzungu mmoja wa misheni alimwachia Mwalimu alipokuwa akirudi kwao, na tangu hapo haikuwahi kunguruma. Kila Jumapili Mwalimu alikwenda kwa miguu hadi Miritini kuongoza ibada.

"Iamshe ile," jirani akasema. "Imfikishe Mwalimu Miritini na kumrudisha, ndipo tuzungumze."

"Na nikishindwa?"

"Ukishindwa, nisalimie minazi."

Nilikwenda kwa Mwalimu nikapiga shikamoo tatu. Akanitazama juu ya miwani. "Wewe? Kifuu? Haya, ichukue. Kuharibika zaidi haiwezi."

Rafiki yangu, sikujua hata njia ya kufungua nati. Siku ya kwanza niliifungua kabureta yote nikaipanga vipande kwenye uteo wa hawe, na kuku wakaja wakafikiri ni mtama. Nilishinda mchana kutwa nikipekua mchanga kutafuta msumari mdogo wa kabureta, hawe akinisaidia kwa kuuchunga mchanga kwa chekecheo lake la unga. Tangu siku hiyo kila kipande ninachokitoa nakiweka ndani ya kifuu chake, kwa mpangilio wa kutoka, na mpaka leo kwenye gereji zangu hakuna anayeruhusiwa kufanya vingine. Jirani alinifunza kwa kupita tu. Akielekea kisimani atasema, "Plagi yako nyeusi, isugue kwa msasa." Akirudi na maji atasema, "Cheni imelegea, inacheka." Alinifunza kuchanganya: vikombe ishirini vya petroli, kikombe kimoja cha oili, kwa sababu injini ile ililainishwa na kile ilichokunywa, haikuwa na oili nyingine.

Ilipoanza kukohoa sikutosheka. Kiti kilikuwa kimeoza, nikakijaza nyuzi za makumbi ya nazi niliyoyapiga mwenyewe nikakishona kwa turubai. Nyuma nikafunga ubao wa kuwekea Biblia na mwavuli. Na kwa kuwa ilikuwa ikishindwa na vilima, jirani alinipa gurudumu la meno kubwa kutoka kwenye vyuma vyake chakavu nikalifunga nyuma. Mwendo ukapungua, nguvu zikaongezeka. Ikapanda kilima cha Changamwe kama mbuzi. Niliipaka rangi ya buluu iliyobaki kwenye dirisha la kanisa.

Hapo ndipo oili ilipokwisha. Siku zile oili ilikuwa adimu kuliko sukari, na jirani, aliyekuwa akinipa petroli, oili alikuwa amenipimia mara moja, akaniambia ya pili nijitafutie. Zilibaki siku tatu Jumapili ifike, na baada ya Jumapili ile mwezi ulikuwa umekwisha. Nikatazama zile chupa za hawe. Nikafikiri kwa akili yangu ya darasa la tatu: mafuta haya yanalainisha ngozi, yanalainisha nywele, bawaba za mlango wetu hazilii kwa sababu yake. Injini ni nani hata iyakatae? Nikatia kikombe kimoja kimyakimya.

Na ikawaka! Wallahi iliwaka vizuri kuliko mwanzo. Moshi wake ukanuka vitumbua, watoto wakakimbia nyuma yake wakivuta pumzi. Nilizunguka mtaa mzima kidevu juu. Jirani alipouliza mbona inanuka chakula, nilimwambia ni harufu ya ua wetu imeingia kwenye kiti. Jumamosi jioni nikaisafisha, nikailaza chini ya makuti.

Sasa kumbuka ilikuwa Julai, msimu wa kipupwe. Jumapili asubuhi kulikuwa na umande na baridi ya kuvalia shuka. Mwalimu alikuja na suti nyeupe, amefunga suruali kwa kamba vifundoni. Watu waliokuwa wakielekea kanisani wakasimama. Mwalimu akapiga pedali. Kimya. Akapiga tena, akaenda nayo mteremko, akarudi akiisukuma, suti imeanza kulowa.

"Mwalimu, ipe sadaka kwanza!" mmoja akapiga kelele, watu wakaangua kicheko.

Mwalimu akamgeukia jirani. "Fundi, petroli yako ina maji."

Jirani alikuwa mtu wa kujiheshimu. "Petroli yangu haina maji," akasema, na sauti yake ilikuwa ya chini. Akachuchumaa akafungua kabureta. Ndani mlikuwa na kitu cheupe kama nta, kimeziba tundu lile dogo la kupitishia petroli. Akakigeuza kwa bisibisi. "Nini hiki? Mtu ametia sabuni?" Huko kwao bara nazi haioti. Hakuwa amewahi kuona kitu kama hicho.

Hawe alikuwa amesimama nyuma yangu na kanga yake ya kanisani. Akasogea, akachovya kidole, akasugua, akanusa. Kisha akazitazama chupa zake alizozipanga kizingitini zipate jua, kama alivyofanya kila asubuhi ya kipupwe, maana mafuta ya nazi yakipata baridi huganda, na mteja hanunui chupa nyeupe. Akanitazama mimi. Angeweza kusema. Akajipangusa kidole.

Ningenyamaza, jirani angebaki na aibu ya petroli yenye maji, na mimi ningejitetea baadaye. Kichwani nilimwona mjomba, nikauona mnazi wenyewe, mrefu mpaka mbinguni. Nikasema, "Fundi, ni mimi. Oili iliisha, nikatia mafuta ya hawe."

Jirani alisimama. "Ya nazi? Ndani ya injini?"

"Ndiyo."

"Na nilipokuuliza harufu?"

"Nilikudanganya."

Hapo ndipo hawe aliposema, "Haya basi, nipisheni," akaenda jikoni akaleta birika la maji ya moto aliyoyateleka kwa chai. Akaimwagia kabureta kwa nje, taratibu, kama anayemwosha mtoto. Ule weupe ukayeyuka machoni petu. Jirani akafunga, akaleta petroli na oili kutoka kwenye akiba yake mwenyewe, akachanganya bila kunitazama. Mwalimu akapiga pedali mara mbili, ikanguruma, akaondoka na suti yake imetapakaa masizi.

Alirudi mchana, amekaa juu yake wima kama gavana. Alisema Miritini watu walimpokea wakimwuliza vitumbua viko wapi. Akanigusa kichwa, kichwa kile kile cha kifuu, akaingia ndani. Jirani naye alipita akielekea kisimani. "Kesho alfajiri," akasema. "Injini ile utaifungua yote, uioshe kila kipande, uniambie ulichokiona." Nilifikiri ni adhabu. Nilipomaliza kuiosha akanipa nyingine, na nyingine, na miaka tisa ikapita. Mpaka anarejea kwao bara hakuwahi kuniambia kwamba amenikubali. Mjomba alikuja mwezi ulipokwisha, akanikuta chini ya pikipiki, akanywa chai, akarudi Rabai na chupa mbili za mafuta.

Leo ukienda pale hukuti ua, wala kibanda, wala makuti ya Mwalimu. Pana maghala na ukuta mrefu, na barabara ambayo malori yangu mimi mwenyewe hupita. Hawe amelala makaburini karibu na kanisa. Sauti ya mbuzi ya kukunia nazi sijaisikia alfajiri miaka mingi, na mafuta siku hizi yanatoka dukani, kwenye mkebe.

Lakini ikifika Julai, asubuhi ya baridi, vijana wangu wa gereji huniona nikiweka chupa ya mafuta ya nazi juu ya kizingiti, nikisimama hapo mpaka jua liipate na ule weupe uanze kushuka. Wanadhani ni ya nywele. Nawaacha wadhani hivyo, ingawa nywele zenyewe sina.