Mlio wa Sita

Gari lake lilikuwa na ugonjwa ambao mafundi watatu wa umeme walishindwa kuugundua. Likilala na waya wa betri, asubuhi halikuwa na nguvu hata ya kukohoa. Kwa hiyo jioni aliuchomoa waya na alfajiri akaurudisha, na kila alipourudisha, saa ya dashibodi iliamka ikionyesha 1:00, iwe ni wakati wowote. Miaka minne sasa alikuwa akiirekebisha kila siku kwa redio. Dakika chache kabla ya saa kumi na mbili alikaa kwenye usukani, akabonyeza kitufe cha saa mpaka ikasoma kumi na mbili, kisha akaweka kidole juu ya kitufe kidogo kinachorudisha dakika kwenye sifuri. Redio ilitoa vimlio sita vya saa, vitano vifupi na cha sita kirefu. Kwenye cha sita akabonyeza.

Wenzake kijiweni walimwita Sekunde. Kilichowachekesha zaidi ni kwamba aliiweka saa isome kama watu wanavyosema: saa moja asubuhi, dashibodi ilionyesha 1:00, wala si 7:00. Fundi mmoja alimuuliza gari hilo linaishi nchi gani. Sekunde akamjibu kwamba linaishi midomoni mwa watu, kisha akaomba spana yake.

Mzaha huo ulikuwa wa zamani, kabla figo za mkewe hazijachoka. Siku hizi Jumatatu, Jumatano na Ijumaa alimpeleka kwenye mashine ya kusafisha damu. Kituo kilikuwa na mashine sita na wagonjwa wengi kuliko mashine, na sheria ilibandikwa mlangoni kwa maandishi makubwa: asiyefika saa moja kamili, nafasi yake anapewa anayesubiri benchi. Aliyepitwa alisubiri zamu ya mchana, kama ingepatikana. Sekunde hakuwahi kuilalamikia. Aliona ni sheria ya mtu anayejua kazi yake. Kutoka alipoegesha gari hadi mlangoni kwa mwendo wa mkewe ni dakika mbili, alikuwa amezipima.

Wiki iliyotangulia, binti yao alikuwa amekuja na zawadi. Redio ya gari ilikuwa ikikwaruza kiasi kwamba siku nyingine vimlio vilisikika kama mtu anayekwangua sufuria. Binti, ambaye anauza simu, aliiondoa, akamwekea baba yake kishikio cha simu, spika mpya, na redio ileile ikipatikana kwa intaneti. Sauti ilikuwa safi kama mtangazaji amekaa kiti cha nyuma. Sekunde alishukuru. Alikuwa amechoka kutega sikio.

Jumatatu ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu siku mbili zimepita bila mashine. Usiku ule mkewe alilala ameketi, mito mitatu mgongoni, maana akijilaza alihisi maji yanampanda kifuani. Miguu haikuingia kwenye viatu. Alivaa ndala za mumewe. Njiani hawakuzungumza sana. Mkewe alisema mara moja tu kwamba taa za barabarani zimekuwa nyingi siku hizi. Sekunde akaitikia, ingawa taa zilikuwa zilezile.

Alipozima gari, dashibodi ilisoma 12:57.

Mlango wa gari ukiwa wazi, mkewe aliweka mguu mmoja chini akasita. Aliomba apumue kidogo. Sekunde aliitazama saa, akapiga hesabu: dakika mbili za kutembea, moja ya ziada.

"Pumua, mama," alimwambia. "Dakika moja tunayo."

Akasimama mbele yake kumkinga na upepo, huku akihesabu moyoni. Ilipotimia, alimshika chini ya kwapa wakaenda, hatua kwa hatua, hadi mlangoni.

Muuguzi wa zamu alikuwa anafunga daftari. Aliwatazama, kisha akaitazama saa ya ukutani, na usoni mwake ikaonekana kwamba angependa kuwa mahali pengine.

"Mzee, leo mmechelewa. Nimeshampa mwingine."

"Saa yako inakimbia, sista," Sekunde alisema. "Mimi ya kwangu nimeiweka kwa redio."

"Na mimi hii nimeiweka kwa redio. Imepita karibu dakika nzima."

Kwenye kitanda cha tatu, kitanda cha mkewe, alilala mwanamume mwembamba aliyekuwa ameshachomwa sindano zote mbili. Alikuwa amegeuzia uso ukutani. Sekunde alimwelewa. Yeye mwenyewe angegeuka hivyohivyo. Muuguzi akapima presha ya mkewe, akasikiliza mapafu, akasema atamfikiria wa kwanza zamu ya mchana, isipoingia dharura. Na akizidiwa wamwite hapohapo. Akamwekea hewa ya oksijeni pale pale benchini.

Sekunde alikaa naye mpaka karibu saa mbili, kisha akatoka. Alitaka ushahidi. Alikuwa na hasira ya mtu mwenye haki, na kwa uchovu aliokuwa nao, hasira hiyo ndiyo pekee iliyomweka wima.

Getini, mlinzi alikuwa na redio ndogo ya betri, imefungwa mpira ili isifumuke. Sekunde aliegemea kibanda, akaifungua redio ya simu yake, stesheni ileile, akamwomba mlinzi naye aongeze sauti. Mlinzi aliuliza kama moja haimtoshi.

Redio ya mpira ikalia: vitano vifupi, cha sita kirefu. Ndani ya simu, mtangazaji alikuwa bado anasoma hali ya hewa, taratibu, hana haraka na mtu. Akamaliza. Likapita tangazo la sabuni. Ndipo vikaja vimlio sita, safi, vinang'aa, vimechelewa sekunde hamsini.

"Hiyo yako inatoka mbali," mlinzi alisema. "Ya intaneti huwa hivyo. Hukujua?"

Sekunde alisema hakujua. Simu ikaita mkononi mwake. Alikuwa binti yao, anauliza mama ameshawekwa kwenye mashine, na redio inaendeleaje. Alimwambia mama anasubiri kidogo, watu ni wengi. Kuhusu redio alisema inasikika vizuri sana.

Alirudi benchini akamweleza mkewe yote, kwa sauti ya chini, kama anayeungama. Mkewe alisikiliza macho yamefumbwa.

"Ile dakika niliyopumua," alisema, "ndiyo iliyotuponza?"

"Ile nilikupa mimi."

Mkewe alifumbua macho, mashine zikilia nyuma ya kioo. "Nilikuwa naihitaji," alisema. "Usimwambie mtoto."

Saa tano na nusu kitanda cha tatu kikawa wazi. Haikuingia dharura. Mwanamume mwembamba alipita mbele yao akitembea polepole, akampa Sekunde mkono, naye akaupokea. Kisha muuguzi akamchukua mkewe, na ndala zikabaki chini ya benchi.

Ilipokaribia saa sita, Sekunde alikuwa kwenye usukani, ameegesha karibu na geti, kioo kimeshushwa. Kidole kilikuwa juu ya kitufe kidogo. Mlinzi aliiinua redio yake ya mpira hadi dirishani mwa kibanda, akahesabu kwa sauti pamoja na vimlio, na kwenye cha sita Sekunde akabonyeza. Saa ikasoma 6:00.

Hakuizima redio ya simu. Alikaa, kichwa kimeegemea kiti, akasubiri vimlio vyake navyo vifike.