Simu Yenye Adabu

Ukitaka kumchokoza Nolasco siku hizi, mwite mtaalamu. Zamani pale Kayanga ukiita "mtaalamu" anageuka haraka kuliko ukimwita kwa jina la ubatizo. Sasa anacheka na kukujibu, "Mtaalamu gani? Mimi ndiye niliyewafundisha wazee wa wilaya mbili kusema uongo kwa heshima."

Mradi mmoja wa wagonjwa wa majumbani ulimpa kazi ya kutengeneza mfumo wa simu kwa ajili ya wazee wa Karagwe na Kyerwa wenye magonjwa mazito. Kila asubuhi simu ya mgonjwa inalia, sauti inamuuliza hali yake, naye anabonyeza: moja kama hajambo, mbili kama anaumia kidogo, tatu kama anaumia sana. Jibu linatokea kwenye kompyuta kwa rangi ya kijani, njano au nyekundu. Nesi Evelyn akiona nyekundu anapanda pikipiki na kupeleka dawa.

Wenzake walitaka sauti ianze na swali moja kwa moja. Nolasco akakataa katakata. "Hawa ni wazee wetu," alisema mkutanoni, kifua mbele. "Huwezi kumvamia mzee asubuhi ukamhoji kama polisi. Lazima umwamkie kwanza." Basi akajirekodi mwenyewe, kwa Kinyambo na kwa Kiswahili, kwa sauti laini ya kijana aliyekwenda kuposa: "Shikamoo mzee wangu. Umeamkaje? Hujambo?"

Kompyuta ikawa kijani kama shamba la migomba wakati wa masika. Nolasco alikipiga picha kile kioo cha kompyuta akawatumia hadi watu aliosoma nao. Evelyn alitazama akaguna. "Wagonjwa wangu hawa ninaowajua? Wazima hivi?" Mtaalamu akamjibu kwamba teknolojia inahitaji imani.

Miongoni mwa hao wa kijani alikuwemo baba yake mzazi, mzee Rwezaura wa Igurwa, mwenye saratani ya tezi dume iliyokwisha kuingia kwenye mifupa. Kila asubuhi kabla ya chai Nolasco alitazama kijani cha baba yake, akaridhika, na safari za Igurwa akaziacha. Aende kufanya nini, na baba anamwona pale kwenye kioo?

Siku moja mama yake, Auleria, akampigia. "Njoo uchukue ndizi, zinaivia shambani." Mtoto mwenye akili angejua kwamba mama hampigii mtu simu kwa sababu ya ndizi. Mtaalamu alikwenda na gunia.

Alifika umande haujakauka, begi la kompyuta mgongoni. Mlangoni akasikia mtu anaugulia maumivu. Baba yake alikuwa amejikunja kitandani, ameng'ata ncha ya blanketi, na mama anamfuta jasho la mgongoni. Kabla Nolasco hajabisha hodi, simu ikalia na mama akaifungua spika.

"Shikamoo mzee wangu," ikasema sauti laini ya Nolasco.

Mzee akaliachia blanketi, akajivuta kidogo juu ya mto, akasafisha koo. "Marahaba mwanangu. Sijambo, sijambo kabisa." Akabonyeza moja. Kisha akaling'ata tena blanketi.

Nolasco alisimama na gunia lake tupu.

"Mama, mbona hambonyezi tatu?"

"Wewe unamwamkia, naye anakuitikia," mama akasema. "Nani anaamkiwa na mwanawe akajibu kwamba anakufa?"

Nolasco akaingia, akapiga magoti kando ya kitanda. "Baba, unaumia?"

"Sijambo. Ni uzee tu."

Akatoka. Akakaa barazani, akafungua kompyuta, akaifuta ile salamu aliyoipigania mkutanoni. Akarekodi upya kwa sauti kavu, akaamuru simu ya baba yake ipigwe palepale. Ikalia ndani ya nyumba.

"Unaumia kiasi gani? Bonyeza sasa."

Kisha sauti ya mzee ikapanda kwa hasira. "Huyu ni nani anayeingia kwa watu bila kuamkia? Nolasco! Ni wewe unayeniongelesha hivyo? Haya, kama hutaki adabu, na mimi sina! Naumia! Naumia tangu mwezi uliopita, mwanangu, naumia mpaka namwomba Mungu anichukue!" Tatu ikabonyezwa kwa nguvu, na tena, na tena.

Nyekundu ikatokea kwenye kioo. Nolasco alilia pale barazani mbele ya kuku, akampigia Evelyn, na kabla ya mchana mzee alikuwa ameongezewa dawa na amelala.

Kesho yake sauti kavu ilipigwa kwa wazee wote, na kioo chote kikawa chekundu, Karagwe na Kyerwa. Evelyn hakumsema. Alimrushia kofia ya pikipiki wakaenda pamoja, na kila nyumba waliyofika mtaalamu aliulizwa kwao ni wapi na nani alimlea.

Mzee Rwezaura aliishi hadi mavuno ya kahawa. Nolasco alilala Igurwa siku nyingi kuliko Kayanga, na kila alipoingia chumbani alianza na swali, shikamoo baadaye. Baba yake alimwita mtoto asiye na adabu hadi siku ya mwisho, na kila alipokwisha kumwita hivyo, alimshika mkono akauweka mahali panapouma.