Kunde Zilizokataa Kuota

Niliacha shule darasa la sita. Tangu hapo nimekamua zabibu Hombolo, nimepakia mbuzi minadani, nimechimba misingi ya nyumba Zuzu. Kila nilipoielewa kazi, miguu iliniwasha nikaondoka. Kazi niliyodumu nayo ni ya kumwendesha kwa gari mwanafizikia mmoja, mama wa makamo, kwa sababu kila safari alinipa jambo ambalo sijalielewa.

Alikuwa anapitisha chakula kwenye mionzi ili kisiliwe na wadudu. Alianzia hospitali, akipima mionzi ya wagonjwa, kisha akaiacha kwa ajili ya kunde. Wenzake walimtania kwamba amesomea atomu akaishia jikoni. Alinisimulia hayo njiani akicheka.

"Zikitoka kwenye mashine, dokta, hazibaki na sumu?" nilimuuliza tulipopakia magunia ya kwanza.

"Ukizima taa, mwanga unabaki ukutani?"

"Haubaki."

"Basi na hii inapita, inamuua mdudu na mayai yake, inaondoka."

Kunde zile zilikuwa za kikundi cha akinamama wa kijiji kimoja upande wa Chemba. Kila mmoja tulimrudishia mifuko miwili, mmoja umepita kwenye mashine, mwingine haukupita. Walitakiwa waitunze mpaka mvua, ndipo tufungue pamoja, tupike, waamue. Msimu ule dokta hakuwa na kijiji kingine. Wakikataa, miaka yake yote ingebaki maabara.

Tuliporudi, mvua zilikuwa zimeshika. Bibi aliyeongoza kikundi aliitikia shikamoo zetu, lakini hakutupa viti. Alitupeleka nyuma ya nyumba kwenye matuta mawili, wenzake wa kikundi wakitufuata. La kwanza lilijaa miche ya kunde. La pili lilikuwa udongo mtupu.

"Nilichota kidogo kila mfuko, nikapanda," alisema. "Hili tupu ni la kunde zako. Umeziua, mwanangu. Kitu kilichokufa hivi nimpe mjukuu ale?"

"Tukila tutaacha kuzaa," alidakia mama mmoja.

"Wewe uliacha zamani, unaogopa nini?" mwenzake alimjibu.

Walicheka, lakini hakuna aliyekaa.

Hapo nikaelewa. Katika nyumba zile mbegu na chakula hutoka chombo kimoja. Mvua ikinyesha, mtu huchagua punje nzuri katika zile zile anazokula. Dokta alitoka mahali ambapo mbegu hununuliwa dukani.

"Ni kweli nimeziua," alisema bila kutetereka. "Nilijua hazitaota. Sikuwaambia kwa sababu nilidhani mbegu mmeiweka kando. Kosa ni langu. Lakini bibi, kunde ulizochemsha zinaota?"

"Nani apande kunde zilizochemka? Ila moto wa jikoni nauona. Wako sikuuona."

"Basi tufungue mifuko, uone moto wangu ulichofanya."

Bibi alimimina mifuko yote miwili kwenye nyungo. Mfuko wa kawaida ulitoa unga, punje zenye matundu na wadudu wakitembea. Wa mashine ulitoa kunde nzima kama za siku ya kuvuna. Aliziinamia muda mrefu, akatafuna punje moja mbichi na kuitema.

"Zako hazioti, zangu zimeliwa," alisema. "Leteni sufuria."

Alipika zile za mashine tu, akapakua sahani moja, akaiweka mbele ya dokta. "Anza wewe."

Dokta alikula akamaliza, akaomba nyingine. Mimi nilikula kwa sababu nilikuwa na njaa na nilimwamini. Bibi alisubiri mpaka sahani ya pili ilipoisha, akachota kijiko kimoja, kisha akavuta sufuria karibu yake.

"Zimewahi kuiva," aliwaambia wenzake. "Kuni zimebaki."

Ndipo wakakaa.

Tangu siku ile, dokta akiingia kijiji kipya, swali lake la kwanza ni mbegu inalala wapi. Sisi wa magari tunasubiri jibu ndipo tushushe magunia matupu ya kukusanyia kunde.

Baada ya mavuno tulirudi kwa bibi. Safari hii viti vilikuwa tayari. Juu ya mafiga, katikati ya moshi, lilining'inia buyu lililozibwa kwa gunzi.

"Lile ni la shamba, hata usilitazame," alimwambia dokta, kisha akanigeukia mimi na kuonyesha magunia mlangoni. "Hizi ni za kula. Pakia, mjukuu wangu, jua linapanda."