Kinyozi Lita na Oili Isiyojaa

Kinyozi huyu alikuwa na mdomo usiojua likizo. Mikono ikishika mashine, mdomo nao uko kazini, na mada yake ilikuwa moja tu: oili ya injini. Ukikaa kwenye kiti chake kupunguza ndevu, unainuka ukijua gari la kawaida linakunywa lita ngapi, la turbo lita ngapi, na ukibadilisha filta uongeze kiasi gani, hata kama wewe mwenyewe unatembea kwa miguu. Wateja wakambandika jina la Lita, naye akalipokea kama mtu aliyevishwa nishani.

Chanzo cha yote kilikuwa gari lake, jekundu, la milango miwili, la chini kiasi kwamba mkewe alilazimika kukaa kwanza ndipo avute miguu ndani. Lilitengenezwa kwa ajili ya mbio. Barabara ya kutoka nyumbani kwake hadi kazini ilikuwa na mashimo mengi hivi kwamba baiskeli zilimpita, lakini hilo halikumnyima usingizi.

Gari la namna hiyo lazima lionekane. Lita alimwagiza mwashi amjengee kijukwaa cha zege mbele ya nyumba, kilichoinuka upande wa barabara, na kila jioni aliliegesha pale kinyumenyume, likabaki pua juu likiwatazama wapita njia kwa dharau. Asubuhi alifunua boneti, akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakifuta kwa taulo jeupe la kazini, akakirudisha, akakichomoa tena na kukikodolea jicho moja.

Fundi wa gari hilo alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, mwenye gereji mtaa wa pili, mtu wa hasira za karibu.

"Kitabu cha gari kinasema lita tano na nusu pamoja na filta," alimwambia. "Utapata tano na nusu, kaka. Hata ukilia."

"Hizo ni za magari ya wazee. Hili ni la mbio! Na hiyo filta yako si ya kuchujia chai hiyo? Mimi nimeagiza ya mashindano."

Mdogo mtu akaigeuzageuza ile filta mpya. "Hii inapitisha oili haraka kwa sababu matundu yake ni makubwa. Uchafu nao unapita. Wenzako wa mashindano hawajali, injini wanaifungua kila wakimaliza mbio. Wewe utaifungua lini? Mbio zako wewe ni za kwenda kununua mkate."

Akafunga filta ya kawaida. Lita akaondoka na filta yake mfukoni na hilo neno la mkate likimkereketa moyoni.

Kesho yake asubuhi, kwenye kijukwaa, kijiti kilionyesha oili imepungua. Na jana gereji aliiona kwa macho yake imejaa! Mtu mwingine angejiuliza maswali mawili matatu. Lita hakuwa na desturi ya kujiuliza maadamu yupo mtu wa kulaumiwa. Akaamua kwamba mdogo wake anamchotea oili kwa ujanja, akaongeza ya kwake mpaka kijiti kikamridhisha. Kila mara gari lake lilipotoka gereji, mambo yakawa yale yale.

Siri hiyo haikukaa tumboni. Kila kichwa kilichoinama mbele yake kiliambiwa. "Damu yangu mwenyewe ananiibia," alisema huku akipuliza nywele kwenye shingo ya mteja. "Wewe usiye ndugu yake atakuachia nini?"

Wenye magari walisikia, wakahama mmoja mmoja. Gereji iliyokuwa ikijaza magari hadi nje ya geti ikabaki na fundi na redio yake. Alipojua kisa, alikuja hadi nyumbani.

"Kaka, umesema mimi mwizi?"

"Mimi nimesema oili inapungua."

"Nenda kawaambie si kweli. Jina likishakwenda, mimi watoto nitawalisha nini?"

"Nitasemaje si kweli wakati kijiti nakiona?"

Tangu siku hiyo fundi hakukanyaga tena pale, mpaka siku binti wa Lita alipoolewa. Alikuja kwa sababu mtoto hakuwa na kosa, akasimama nyuma ya watu wote.

Lita alikataa gari lingine lolote kumbeba bibi harusi. Asubuhi hiyo alikuwa amelishindilia oili kwa heshima ya mwanawe. Akalishusha barabarani, akakanyaga mafuta ili wageni wasikie ngurumo. Injini ikakohoa, na moshi wa bluu ukatoka nyuma ukawameza mashangazi wote na vilemba vyao.

"Mnaona?" alifoka Lita, akimnyooshea mdogo wake kidole. "Mnaona kazi ya mwizi?"

Fundi akavua koti, akaagiza injini izimwe, akasubiri kidogo, kisha akachomoa kijiti. Oili ilikuwa imepita alama ya juu kwa kiganja kizima.

"Mwizi gani huyu anayeongeza?" aliuliza. "Imejaa mpaka inapigwa povu humo ndani, inaungua. Kaka, unapimia wapi?"

Aliyejibu ni mkewe, aliyekuwa akijifuta macho yaliyowashwa na moshi. "Shemeji, anapimia pale juu. Kwenye kijukwaa."

Watu wote wakageuka kukitazama kile kilima cha zege.

"Kijiti kiko mbele," fundi alisema. "Ukiliweka pua juu, oili yote inakimbilia nyuma." Kicheko kikaanzia kwa watoto. Bibi harusi akaondoka kwa gari la mjomba wake, lililokuwa bado linanuka vitunguu.

Jumamosi iliyofuata kwa kinyozi kulikuwa kumejaa. Mdogo mtu akaingia, akangoja zamu yake, akakaa. "Nyoa zote." Lita akanyoa kimya, jambo ambalo halijapata kuonekana. Alipofika nusu ya kichwa, fundi akasema, "Waambie."

Lita akakohoa. "Jamani, lile suala la oili... kumbe zege langu lina mteremko. Yule mwashi aliniharibia."

Fundi akamshika mkono wenye mashine. "Umeshapata mwizi mwingine? Malizia maneno, ndipo umalizie kichwa. Vinginevyo natoka hivi hivi, nazunguka mtaa mzima, na kila atakayeniuliza nani kaninyoa nitamtajia."

Lita akakitazama kile kichwa kwenye kioo, upande mmoja kipara na upande mmoja kichaka, na kwa mara ya kwanza akaelewa jina la mtu wa kazi ni kitu gani. Aibu ikamshika mpaka masikioni.

"Hakuniibia," alisema. "Hata tone. Nilimsingizia."

Wateja wakainamisha vichwa bila kuambiwa. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kwenda kumuuliza fundi kabla ya kuhamisha gari lake.

"Haya, nyoa," fundi alisema. "Jumanne ulilete niipunguze hiyo oili."

"Na kuhusu filta..." Lita alianza.

Mdogo wake akamtazama kwenye kioo.

"Weka yoyote unayoona inafaa," Lita alisema, akaendelea kunyoa.